Saa Nane Hakuna wa Kunipa Pole

Mtaalamu wa viungo hospitalini aliniambia nitembee asubuhi na jioni, wakati jua halijachangamka au limeshachoka. Alikuwa binti mpole, ananishika kiwiko kama ameshika yai, nami nikamjibu sawa mwanangu, nimekuelewa. Nilimwelewa kweli. Ila yeye haishi Picha ya Ndege hapa Kibaha, na hajawahi kupita mtaani kwetu asubuhi huku anaburuta mguu.

Kwetu mtu hapiti hivi hivi. Hata ukiwa mzima utasalimia, utasalimiwa, utaulizwa watoto na utaulizia watoto. Sasa wewe jaribu kupita unachechemea, mkono wa kushoto umejikunja kifuani. Siku ya kwanza nilitoka mapema, nia yangu nifike kwa fundi mageti na kurudi, mwendo ambao zamani nilikuwa naumaliza kabla chai haijapoa. Sikufika. Mama mwenye genge aliacha nyanya zake akaja kunishika mabega yote mawili. Pole mama, imekuwaje tena? Nikasimama, nikaeleza. Nikasogea kidogo, mwingine naye akatoka getini kwake na pole yake, akataka kujua ni presha au ni sukari. Nikaeleza upya. Wa tatu alinishauri nijisugue mafuta ya nyonyo. Wa nne alininong'oneza kwamba kiharusi kingine si cha hospitali, nitazame vizuri nani pale ofisini anakitamani kiti changu.

Na mtu anayekupa pole humpiti. Ukimpita, kesho utasikia kwamba maradhi yamekuletea kiburi. Lakini kila nikisimama mguu unaganda, na kuuamsha tena ni kazi, lazima kwanza niufikirie, niuombe, halafu niuvute. Nilirudi nyumbani jasho linanitoka na koo limekauka kwa kueleza, na mazoezi sijafanya. Sisemi ni watu wabaya. Walinipenda, na mapenzi yao yakanisimamisha barabarani.

Ndipo nikaitafuta saa yangu. Anayejua Kibaha ya Januari na Februari anajua saa nane mchana ilivyo. Mabati yanalia yenyewe. Mbwa wako chini ya magari, genge limefunikwa gunia bichi, bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao chini ya mwarobaini, kofia usoni. Hakuna mtu. Nikavaa dera, nikavaa raba za mwanangu aliyeko chuoni, nikajifunga mtandio kichwani, nikafungua geti. Mume wangu aliuliza naenda wapi na jua lote lile. Nikamwambia naenda kutembea. Akaniambia, taratibu kabisa, kwamba kiharusi kilikuwa kimenipiga mguu, hakujua kama kilifika na kichwani.

Huyo ni Mnyamwezi wa Tabora na mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, kwa hiyo ni mume na ni mtani, na utani haukupumzika hata nilipokuwa nimelazwa. Daktari aliposema kwamba maneno yangu hayakuguswa, alishukuru, kisha akasema Mungu naye hukosea, angechukua ulimi akauacha mguu.

Lazima niseme kwa nini nilikuwa na haraka, maana mgonjwa mwingine angekaa mkekani akasubiri hali ya hewa. Haraka yangu ilikuwa mama.

Mimi ni afisa ugani. Kazi yangu ya maisha imekuwa miguu. Nimetembea mashamba ya mihogo na mananasi, nimetembea hadi kwa wafugaji kule Kwala kabla hakujawa na hayo maghala na malori ya bandari kavu, na miguu ndiyo niliyokuwa najivunia, si cheti. Mama yangu yuko kijijini Kisarawe, mbele ya Mzenga, anaishi na msichana wa kumsaidia. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nakwenda. Kiharusi kiliponipiga, wakati wa mvua za vuli, nikiwa ofisini nimeshika kikombe, mdogo wangu wa kiume alikuja kutoka Dar, akasimama pembeni ya kitanda na kusema jambo ambalo kila familia hulisema: mama asiambiwe. Mama ana presha. Akisikia, tutakuwa na wagonjwa wawili, au tutakuwa na msiba.

Tulikubali wote. Hakuna aliyebisha, na mimi pia sikubisha. Lakini mama angeuliza mbona mwisho wa mwezi umepita. Basi tukasema niko kozi Dodoma. Ni uongo mzuri sana kwa mtumishi wa serikali. Mtumishi anaweza kumezwa na kozi hata miezi mingi na hakuna atakayeshangaa. Mama hakushangaa. Alifurahi, akawatangazia majirani kwamba mwanawe anasomeshwa tena uzeeni.

Tukawa tunazungumza kwa simu. Ananiuliza Dodoma kuna baridi, namwambia kuna upepo, huku nimelala sakafuni Picha ya Ndege, umeme umekatika, feni imesimama na jasho linachora umbo langu kwenye saruji. Ananiuliza wanatulisha nini, nabuni ugali na nyama. Nikikata simu nalia kidogo, kisha nanyanyua mguu kama nilivyoelekezwa.

Kozi haiwezi kuendelea milele. Na masika hayasubiri mtu. Njia ya kwenda kwa mama inapanda kilima kutoka barabarani, udongo mwekundu, na mvua za Machi zikishaanza panakuwa utelezi ambao hata mzima anavua viatu. Bodaboda huacha kabisa kupanda. Wakati wa kiangazi wanapanda, lakini kushushwa kwenye pikipiki kama mzigo mbele ya mama sikutaka. Nilitaka kufika kabla ya masika, kwa miguu yangu, bila fimbo, nikatize uwanja wake anione nimetoka kozi, nimechoka tu kwa safari. Nikishakaa naye ndipo nimwambie. Niliamini habari mbaya ikija imesimama kwa miguu yake yenyewe haiwezi kumuua mtu.

Kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kungoja jua lipungue. Jua hilo hilo ndilo lililokuwa limeikausha njia ya mama.

Mwanzoni nilikuwa nafika kwenye geti la jirani tu. Halafu nikafika kwenye rundo la tofali. Halafu kwa fundi mageti, ambaye saa hiyo huwa amezima mashine na kulala juu ya boksi. Joto la saa nane si kitu cha kuvumilia kwa moyo mkunjufu, nisidanganye. Linakaa juu ya utosi. Linapanda kutoka ardhini na kuingia ndani ya dera. Pumzi unayovuta ni kama ya mtu aliyekuegemea. Nilikuwa natukana njia nzima, kwa sauti, kwa sababu hakuna wa kunisikia: naitukana lami, naitukana serikali ya mtaa kwa ule mtaro, zaidi naitukana goti langu. Mguu ukikataa nauambia kwamba tangu mchanga nakulisha na kukupaka mafuta miaka yote hii, leo unanifanyia haya. Na ulikuwa unasogea. Nadhani na wenyewe ulikuwa unaogopa ulimi.

Siku moja ulikataa kabisa. Nilikuwa mbele ya pagala, nyumba iliyokomea kwenye linta tangu tulipohamia, nikajikwaa na kwenda chini kama gunia. Mchanga uliniunguza viganja. Nikatazama juu na chini ya barabara. Hapakuwa na mtu, kama nilivyotaka. Dakika ile ningempa mama wa genge chochote aje na pole yake. Kichwa kilikuwa kinazunguka, ulimi umekauka, na nikawaza kwamba nikifia hapa watasema nimekufa kwa ujinga, na mama ataambiwa kwamba nimefia Dodoma. Wazo hilo lilinikasirisha. Nikajivuta kwa makalio hadi kwenye kivuli cha tofali, nikakaa mpaka kizunguzungu kikapita, kisha nikazikamata zile tofali moja juu ya nyingine nikapanda nazo mpaka nikasimama.

Nyumbani mume wangu alitazama mchanga uliojaa mgongoni mwa dera, akaleta maji, akanitazama nikinywa. Kesho yake, nilipokuwa nimefika karibu na tofali, nikageuka nikamwona ng'ambo ya barabara. Ana mwavuli mweusi na chupa kubwa ya maji, anatazama viwanja vya watu kama anayetaka kununua. Nilipokwenda na yeye alikwenda. Niliposimama, na yeye akakisimamia kiwanja kingine, akikikagua. Hakuvuka barabara hata mara moja. Nilimpenda mtu yule siku ile kuliko siku aliyonioa.

Baadaye niligundua kwamba hatukuwa peke yetu. Siku za Jumapili kulikuwa na dada mmoja wa Maili Moja, mfanyakazi wa ofisi Dar, anayekimbia saa hiyo hiyo amevaa sweta zito la mikono mirefu, na tumboni amejizungushia nailoni inayochakarisha kila akiruka. Hapa kwetu wengi wanaamini kwamba jasho ni mafuta yanayoyeyuka, na jua likizidi ndivyo tumbo linavyopungua. Nilimwambia kama mtumishi wa kilimo kwamba linalomtoka ni maji tu, atakuja kuanguka kama mimi. Alicheka, akaniambia anajua. Lakini anaondoka nyumbani alfajiri na kurudi watoto wamelala, na hata Jumapili asubuhi ni kanisa na kufua. Saa nane watoto wanalala, mume analala, mama mkwe analala. Ndiyo saa pekee ya juma ambayo hakuna mtu anayemwita. Sweta alilianza kwa ajili ya tumbo, sasa analivaa kwa mazoea. Tukawa tukipishana hatusalimiani kwa maneno. Yeye hana pumzi, mimi sina nafasi. Ananyanyua mkono, nanyanyua wangu wa kulia.

Watu hutuona kutoka madirishani na kusema tumechanganyikiwa. Ningewajibu kwamba jua ni kali kwetu kama lilivyo kwao. Ila kila mtu anatembea katika saa aliyoachiwa.

Mwishoni mwa Februari nilikuwa nafika hadi barabara kuu na kurudi bila fimbo. Nilikuwa bado nachechemea, lakini kuchechemea kwa mtu aliyebanwa na kiatu. Mawingu yakaanza kujikusanya jioni. Nikampigia mama, nikamwambia kozi inakaribia kwisha, nakuja. Nilitegemea apige kigelegele. Akasema nisikatishe masomo kwa ajili yake, nimalize kwanza, Kisarawe haihami. Alikuwa amesema hivyo pia mara mbili tatu huko nyuma. Niliumia. Nikadhani amenizoea kutokuwepo.

Tuliondoka Jumamosi kwa gari la kuazima, tukapitia Mlandizi hadi Mzenga na kuendelea. Mume wangu aliendesha taratibu kwa ajili ya makorongo. Alipendekeza tungoje jioni chini ya kilima, nikakataa. Jioni njia ile inajaa watu wanaotoka mashambani, na wote wananijua tangu nikiwa mtoto. Tukafika saa nane, kama kawaida yangu.

Kilima kile nimekipanda na ndoo kichwani, nimekipanda na mtoto mgongoni. Siku ile nilikipanda na nafsi yangu tu, na ilitosha kuwa mzigo. Mikorosho haikutikisika. Udongo ulikuwa mkavu, umepasuka, nikitia mguu wa kulia kwenye ufa na kuuvuta wa kushoto uufuate. Katikati palikuwa na mwinuko mkali, nikasimama. Nyuma yangu mume wangu naye akasimama, hakunishika. Nikasikia tu anafungua kizibo cha chupa. Nikanywa, nikaendelea. Kila kilichoniuma tangu vuli kiliniuma tena kwa wakati mmoja, lakini nilikuwa nakwenda, na nilijua nakwenda. Paa la mama lilipoonekana nilifuta uso, nikanyoosha dera, nikaubembeleza mkono ushuke kando ya mwili kama mkono wa mtu.

Mama alikuwa barazani kwenye mkeka, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele na kuifunika khanga. Nikaukatiza uwanja. Sijawahi kutembea vizuri namna ile, si kabla wala baada. Mume wangu alibaki pembeni akikohoa, kama inavyompasa mkwe.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akasema nimekonda, Dodoma hawalishi watu. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamlenga. Lakini hakuinuka. Mama yangu, ambaye maisha yake yote akiniona tu naibuka kilimani anakuja kunipokea mkoba, alibaki pale pale chini. Nilikuwa nimetembea jua la miezi ile yote ili anione nikitembea, na yeye ananitazama usoni.

Nikakaa kwenye mkeka kwa tabu, khanga yake ikasogea. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, na paja lake, lile paja la mkulima, limenywea limekuwa kama mkono. Aliivuta khanga upesi. Nikaishika.

Ikabidi aseme. Alikuwa ameteleza akitoka kisimani, mfupa ukavunjika, mganga wa mifupa akaufunga. Mfupa ulikuwa umeunga siku nyingi, lakini aliogopa kuukanyagia, akazoea kukaa. Anatambaa kwa kushika ukuta hadi uani, basi. Nikamuuliza ni lini. Akasema ni wiki ile ile niliyokwenda Dodoma.

"Nilimkataza mdogo wako asikwambie," alisema. "Ungeacha kozi uje kuniuguza, kazini wangekufukuza."

Nilitaka kumpigia mdogo wangu simu nimtukane hadi chaji iishe, yeye aliyezishika siri zote mbili, moja mkono huu na nyingine mkono huu, akawa anatupitishia salamu. Lakini alifanya alichoambiwa na kila upande. Mama alikuwa amejifungia mwenyewe mkekani miezi yote ile akiilinda kozi yangu, na kozi yenyewe haikuwepo.

Nilimwambia. Nilivuta dera hadi gotini nikamwonyesha mguu, nikamwonyesha vidole vya mkono visivyofunga vizuri. Nikamwambia sikwenda Dodoma hata siku moja. Alisikiliza mpaka mwisho, na presha yake haikumwangusha. Kisha alinyanyua kiganja akanipiga pajani, paja lile lile bovu, kofi la mama kwa mtoto mtukutu. Lilinichoma. Halafu akanivuta kichwa akakiweka begani kwake, tukalia kwa sauti, hata msichana wake akatoka jikoni mbio akidhani kuna msiba.

"Kwa hiyo muda wote huo ulikuwa hapo Kibaha," mama alisema.

"Nilikuwa hapo, mama."

"Na mimi nilikuwa hapa."

Alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akautazama uwanja wake. Jua lilikuwa limeufanya mweupe, kuku wote wako chini ya ghala. Akauliza nani alinifundisha kutembea tena. Nikamwambia nilijifundisha, nilitoka nje tu. Akanyoosha mkono, akasema nimwinue. Nikamwambia tusubiri kidogo jua lipoe.

"Nimeshasubiri vya kutosha," alisema. "Niinue."

Mume wangu alipiga hatua moja, kisha akakumbuka kwamba mkwe hamshiki mkwe, akageuka kuitazama mikorosho. Ilikuwa kazi yangu. Nikasimama kwanza mwenyewe, nikaukita mguu wa kulia, nikampa mkono wangu mzima. Alipokanyaga chini alipiga yowe dogo na kucha zake zikaniingia mkononi. Sikumwachia. Tukashuka barazani, tukaingia kwenye mchanga wa moto, yeye anavuta wake na mimi navuta wangu.

Jirani alitoa kichwa mlangoni kwake, akauliza tuna nini kutoka na jua lote hilo.

"Tuache," mama alimjibu, bila kugeuka. "Tumechelewa."